Uso wa Mama Mizani

Jumatatu, 28 Julai

Mashua ya kutoka Kagunga imefika pamoja na jua. Magunia ya dagaa wakavu yote yamepita mikononi mwangu kabla ya saa nne. Nimefuta bamba la mizani, nimepima, nimeandika kilo juu ya gunia kwa kalamu nyekundu, basi. Hakuna aliyebisha. Miaka kumi na saba hapa mwaloni Kibirizi, mashua zinaposhusha, na hakuna aliyebisha.

Mtoto wa mteja mmoja kanitazama weee, halafu kamuuliza mama yake kwa nini bibi huyu amenuna. Mama mtu kamziba mdomo. Sikuwa nimenuna. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai, na goti haliumi. Uso wangu ndio huu.

Jioni nimechukua fomu ya uenyekiti wa soko.

Jumanne, 29 Julai

Niandike sababu, nisije nikasahau.

Tunaogombea ni wawili. Mimi na Jafari muuza nyavu. Wanunuzi wa mbali hawaipendi mizani. Wanataka turudi kwenye lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka linaota kichwa na kushonewa kamba, halafu linahesabiwa kuwa gunia moja. Kichwa kile ni dagaa wa bure. Ni mgongo wa mwanamke aliyeinama juani kutwa nzima akiwageuza wasishikwe na mchanga. Nimeinama hivyo mwenyewe, najua. Jafari akiulizwa kuhusu mizani anasema atasikiliza pande zote. Nikishindwa, mizani inaondoka. Ni hivyo tu.

Na Jafari anajua kutabasamu. Anatabasamu akiuza, anatabasamu akinyimwa, msibani anatabasamu. Nadhani hata akipiga chafya meno yako nje. Watu wanampenda. Mimi wananiita Mama Mizani, na nadhani hata jina hilo wanalitamka wakiwa wamesimama wima.

Alhamisi, 31 Julai

Siku mbaya.

Zaituni, mwanangu wa pekee, kaja na mipango. Ni mwalimu shule ya msingi hapa hapa Kibirizi na kila kitu kwake ni somo. Picha za wagombea zitabandikwa ukutani, kwa kuwa wapiga kura wengi hawasomi. Kwa hiyo picha ndiyo kampeni. Kwa hiyo nitabasamu. Kanipeleka mwenyewe kwa mpiga picha.

Mpiga picha kasema, mama, legeza kidogo. Nikalegeza. Kasema, mama, fikiria kitu kizuri. Nikafikiria samaki, migebuka kwa mawese. Kasema, mama, sasa onyesha meno. Nikaonyesha meno.

Picha imetoka kama nimekanyaga mwiba nikaambiwa nisipige kelele. Zaituni kasema imependeza. Ni mwongo yule mtoto. Imebandikwa leo hii hii, karibu na ya Jafari, ambaye anaonekana amezaliwa akitabasamu.

Nina hasira na sijui na nani.

Ijumaa, 1 Agosti

Baada ya swala nimekaa na kioo. Peke yangu, mlango nimefunga komeo. Mwanamke wa miaka hamsini na nne anajifunza kutabasamu. Nikivuta mdomo, macho hayaji. Nikiyaita macho, mdomo unarudi. Mashavu yanauma kweli, sikujua kuna kazi huko.

Mama yangu alikuwa na uso huu huu. Watu walidhani amefiwa kila siku. Na bibi mzaa mama, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo na watoto wawili na chungu kimoja, alikuwa nao pia. Hawakuwa na huzuni wale. Mama alikuwa na furaha nyingi kuliko wanawake wote wa mtaani kwetu Buzebazeba, ila haikupanda usoni. Ilibaki huko huko ndani na kumtosha.

Marehemu Rama, mume wangu, alikuwa mbeba mizigo mwaloni. Hakuwahi kuniambia nicheke. Alikuwa akitazama mikono yangu.

Kesho nitajaribu hadharani. Nataka kushinda.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimetabasamu kutoka alfajiri mpaka saa saba. Naandika hili ili lisirudiwe.

Wa kwanza alikuwa Mama Esta wa Kagunga, anayeleta dagaa kwangu tangu siku mizani ilipowekwa hapa. Kanisalimia Kiha, mwakeye, nikamwitikia na tabasamu juu. Kasimama. Kaniuliza nyumbani kuna nini. Nikasema hakuna. Kauliza tena, taratibu, kama unavyomuuliza mgonjwa.

Gunia lake nikalipima. Kaisoma ile namba, kanitazama usoni, kaisoma tena. Gunia hakulibeba. Kaenda pembeni akanong'ona na wenzake. Nami huku natabasamu tu kama mjinga, nikidhani kampeni inaendelea.

Saa nne wamenijia wanne na mfuko wa sukari kutoka dukani. Kilo hamsini, umeshonwa bado. Wakaomba, kwa adabu kabisa, tuuweke juu ya mizani.

Mizani yangu. Kupimwa.

Ikasoma hamsini. Wakashukuru wakaurudisha dukani. Mimi nikakaa juu ya ndoo. Miaka kumi na saba. Laiti wangenitukana.

Jumapili, 3 Agosti

Maneno yamefika Ujiji. Mama Mizani anacheka. Mama Mizani kanunuliwa na wanunuzi, ndiyo maana anacheka. Kachezea mizani. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenipa habari, bila kujua kuwa Mama Mizani ndiye aliyempakia.

Nimeona sasa kosa liko wapi. Wao wanapima kwa macho mawili. Jicho moja kwenye namba, jicho moja kwenye uso wangu. Namba haikubadilika, uso ulibadilika, na uso ndio waliokuwa wakiuamini.

Na Jafari, na meno yake, kasema basi watu watumie lumbesa kwa muda, mpaka mambo yatulie. Mambo yameharibika saa ngapi hata yatulie? Wanunuzi wamefurahi mno. Wanawake kadhaa wamekubali. Mama Esta kakubali. Nimesimama kando ya mizani yangu tupu nikatazama gunia lake likishindiliwa kwa goti, likaota kichwa, likashonwa. Alikuwa anatazama chini.

Baadaye kanifuata. Kasema, "Mama Zaituni, ukicheka mimi naogopa. Urudishe uso wako, unipimie dagaa zangu."

Nimelia njiani kurudi. Uso mkavu, machozi yanatoka. Ndivyo ninavyolia pia.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimegombana na Zaituni.

Nilimwambia picha ile itolewe ukutani. Kasema nitashindwa. Nikasema nashindwa tayari, na ni kwa sababu ya meno aliyotaka nionyeshe. Kasema mimi ni mgumu, nimekuwa mgumu siku zote, na hapo ndipo yakatoka yaliyokuwa ndani. Kasema alipokuwa mdogo alidhani simpendi. Kasema siku aliyohitimu chuo cha ualimu alinitafuta kwenye umati wa wazazi, kila mama anashangilia na kurusha khanga, akaniona mimi nimesimama na uso huu. Akajua hajanifurahisha. Kalibeba hilo miaka tisa.

Miaka tisa. Na nilikuwa nakaa naye meza moja.

Maneno hayapandi haraka kwangu, kama vile tabasamu. Halafu nikamweleza. Siku ile ya mahafali, tuliporudi, jua linazama, hakuna mashua hata moja, nilikwenda mwaloni nikafuta bamba la mizani. Nikalifuta tena. Baba yake alinikuta huko akasema litatoboka. Ndiyo dalili aliyokuwa anaijua yeye. Siku ya kazi nalifuta mara moja. Siku nikiwa na furaha mkono unarudi wenyewe, mara mbili, na sijui kuuzuia. Siku aliyozaliwa Zaituni sikuwa na mizani, nilifuta meza ya jirani.

Kaondoka bila kumaliza ugali wake. Sijui kama ameniamini. Naumia kuliko nilivyoumia kwa ule mfuko wa sukari.

Jumanne, 5 Agosti

Hajaja. Hajapiga simu.

Mizani imepima magunia sita tu. Mengine yote lumbesa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeing'oa ile picha mwenyewe, mbele za watu, kwa kucha. Gundi ilikuwa nzuri, imechukua muda.

Nimekwenda kwa mpiga picha. Nikamwambia asinifundishe kitu. Nikavaa khanga ya mama, nikakaa, nikamtazama kama ninavyotazama mtu anayeweka kidole chini ya gunia lipungue uzito. Kapiga mara moja. Katazama, kasema hii ndiyo yenyewe. Kasema kweli, hakuwa ananisifia.

Ni mimi. Ni mama. Ni bibi aliyevuka ziwa. Nimeibandika na nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama, na nimejivuna, niandike wazi, nimejivuna kama jogoo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbalamwezi imeanza, dagaa hawafuati taa, mitumbwi imepandishwa mchangani. Ndiyo maana uchaguzi umewekwa siku hizi. Wavuvi wote wako nchi kavu, na wote wana maoni.

Leo ilikuwa zamu yetu kusema. Jafari kasema kwa muda mrefu na vizuri. Kachekesha watu. Hata mimi nilicheka moyoni mara mbili.

Yangu niliyaandika kwenye karatasi nikaiacha nyumbani. Nikasimama. Nikasema Jumamosi iliyopita nilijaribu kutabasamu kwa kuwa nilitaka kura zenu, na mkaogopa, na mlikuwa na haki. Mtu akibadilisha uso ili apate kitu, mpimeni. Nikasema mizani haikuguswa na haitaguswa. Nikasema, "Mimi sichekei gunia la mtu. La tajiri sicheki, la masikini sicheki. Mkitaka wa kuwachekea, yuko hapa kando yangu, na ni mtu mwema."

Nikakaa. Halafu Mama Esta akaanza kucheka, kicheko kile cha tumbo, na wenzake wakamfuata, mpaka vijana wa nyavu wakapiga miluzi. Walicheka wao. Mimi sikucheka. Kila mtu alikuwa kwenye nafasi yake.

Nilimwona Zaituni nyuma kabisa, karibu na chanja za samaki, bado ana chaki mikononi. Hakunijia. Alikuwa ananitazama, ila si usoni, mikononi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshinda.

Walihesabu kura mchana, sanduku limewekwa juu ya mizani yangu kwa kukosa meza. Sitaandika kwa kiasi gani. Inatosha. Mizani inabaki, lumbesa haipo, na kamati imekubali iandikwe kwa rangi ukutani.

Wamenibeba. Sikupenda, khanga ilitaka kufunguka, ila nilijivunia kila bega lililokuwa chini yangu. Walinipitisha kwa kelele hadi majini na kunirudisha. Uso wangu haukubadilika na hakuna aliyeniuliza kama nimefurahi.

Nilipokwenda kuchukua maji ya kunawa, nimemkuta Jafari nyuma ya banda lake la nyavu, peke yake, amekaa juu ya maboya. Hakuniona kwanza. Tabasamu halikuwepo. Ulikuwa uso wa mtu mzima aliyechoka, una mistari mizito mdomoni, na ulikuwa mzuri, mzuri kuliko ule wa kila siku. Kisha akaniona, na meno yakatoka haraka haraka kama mtu anayevaa kanzu mgeni akibisha hodi. Akanipongeza.

Nikamwambia asijisumbue kwangu. Nikakaa naye pale kidogo. Baada ya muda uso wake ukateremka tena, tukatazama ziwa wote wawili, sura mbili kavu. Nadhani amekuwa akifanya kazi ngumu kuliko mimi, miaka yote hii, na hakuna anayempongeza.

Sijui kwa nini, lakini nimempenda leo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala. Nimekula migebuka. Goti linauma, ni la kubebwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Mwaloni kimya. Mitumbwi bado iko mchangani, watu wanaziba nyufa. Magunia machache tu ya dagaa wa akiba, la kwanza la Mama Esta, ambaye alilala kwa shemeji yake ili awahi.

Zaituni kapitia kabla ya kwenda shule. Hatukuwa tumesemezana wiki nzima. Kanipa shikamoo, nikaitikia, kakaa juu ya ndoo yangu na mkoba magotini kama alipokuwa darasa la tatu akinisubiri nimalize. Mimi nikaendelea na kazi. Nikachukua kitambaa, nikafuta bamba, nikakikung'uta kitambaa. Nikafuta tena.

Sikujua kama nimefanya. Yeye ndiye aliyeona. Kasema polepole, "Mama, umelifuta mara mbili."

Nikamwambia anyanyuke, ashike gunia upande ule, Mama Esta anasubiri.