Pasta Anahubiri Moja, Mimi Natafsiri Lingine

Mpendwa Tantine Claudine,

Nakuandikia gazetini kwa haraka na kwa haya, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu mambo yamefika kwa wazee wa kanisa na anayejua ukweli ni mimi peke yangu. Naitwa Syntiche, nina miaka ishirini na tisa, ninaishi Katuba, mwaka jana nilimaliza masomo ya theolojia, na somo nililolipenda kuliko yote ni lile la kufasiri Biblia, ambako walitufundisha kwamba kabla ya kuuliza andiko linaniambia nini mimi, niulize kwanza liliandikwa na nani, kwa nani, na kwa sababu gani. Kanisani kwetu Pasta Stanislas anahubiri kwa Kifaransa, maana alikulia Kasai na Kiswahili bado kinamshinda, na mimi nasimama kando yake na mikrofoni ya pili, nawatafsiria wale wasiosikia Kifaransa vizuri. Ni mtu mwema, Tantine, anatembelea wagonjwa kwa miguu, lakini akishika andiko analivuta mpaka linatoka mahali pake.

Ilianza kidogo tu. Siku moja alichukua maneno ya Paulo, kwamba anayaweza yote katika yeye amtiaye nguvu, akawaambia wanafunzi wa mtihani wa serikali waje kupakwa mafuta, kalamu itaandika yenyewe. Mimi nilijua Paulo alikuwa kifungoni, akisema juu ya kushiba na kuona njaa, basi nikatafsiri kwamba Paulo alijifunza kuvumilia, na wao wajifunze masomo yao. Wamama wakasema amina kwa nguvu, wakawakalisha watoto na madaftari, watoto wakafaulu, na Pasta akatoa ushuhuda juu ya mafuta. Nikaona nimesaidia watu bila kumuaibisha mtu, nikaendelea hivyo miezi minane, na nikuambie kweli, Tantine, nilianza kuzipenda zile amina.

Sasa Jumapili tatu zilizopita alihubiri juu ya Yoshua, pale Mungu anapowaahidi watu wake kila mahali watakapokanyaga. Pasta akasema kwa Kifaransa: ukitaka kiwanja, kikanyage, kizunguke kwa imani, ni chako. Mimi nikatafsiri kwamba ahadi ile ilikuwa ya Yoshua na ya nchi ile, sisi tunajifunza uaminifu wa Mungu, hatukuruhusiwa kuchukua mali ya jirani.

Papa Faustin, seremala, anasikia Kifaransa, na kama wenzake wa Kifaransa hasikilizi tafsiri yangu. Bibi yake wa ndoa, Mama Agnès, anafuata Kiswahili changu. Kesho yake asubuhi Papa Faustin akavaa suti, akaanza kuzunguka kiwanja cha jirani yao Mama Chilufya, mjane aliyetoka Sakania, anayelima mboga za lengalenga pale. Mara saba, kila asubuhi. Mama Agnès akatoka kumuuliza anafanya nini.

"Pasta alisema tukanyage," akajibu. "Mi nakanyaga."

"Pasta alisema ile iko ya Yoshua. Hii iko parcelle ya Mama Chilufya, na uko unamukanyagia lengalenga."

Wakagombana wiki nzima, kila mmoja akiapa kwamba alisikia kwa masikio yake. Mama Chilufya akatishia kwenda kwa mkubwa wa mtaa, ndipo wote watatu wakafika kwa Pasta. Pasta akaniita, akaniuliza mbele yao kama nilitafsiri vile alivyosema. Tantine, nikasema ndiyo. Mama Agnès akaniangalia, akatoka. Tangu siku ile watu wanasema alilala kanisani akaota mahubiri yake mwenyewe, na amesimamishwa kwenye kwaya mpaka wazee wakae Jumamosi, na Papa Faustin bado anazunguka. Nifanye nini, maana nikisema ukweli nitamuaibisha Pasta na nafasi yangu itaisha, nikinyamaza mama wa watu anateseka, na isitoshe, nilichosema juu ya Yoshua kilikuwa sahihi, sivyo?

Syntiche, Katuba

Syntiche mwanangu,

Barua yako ilinichekesha mpaka ilipomfikia Mama Agnès. Hapo nikaacha kucheka.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ulitaka nikupongeze. Ndiyo, juu ya Yoshua ulisema sahihi. Juu ya Pasta Stanislas ulisema uongo. Walikufundisha usimtie mwandishi maneno ambayo hakuyasema. Paulo umemheshimu, Yoshua umemheshimu, na mtu aliye hai, anayesimama kando yako na mikrofoni, umemsemea unavyotaka wewe. Hajui hata leo kwamba anakosea, kwa sababu kila Jumapili anapokea amina za mahubiri yako. Angejifunzia wapi? Na usiniambie ulimhurumia. Ulimuogopa.

Kwa kuwa Jumamosi haikungojea gazeti, nilikupigia simu siku ileile, na kwa ruhusa yako nayarudia hapa niliyokuambia. Nenda kwanza kwa Mama Agnès, nyumbani kwake, umwambie alisikia vizuri, na uombe msamaha bila kumfundisha theolojia. Kisha nenda kwa Pasta peke yake, umweleze miezi yote minane. Mwache akasirike. Wazee uwaambie mwenyewe.

Ulienda, na hapo nakusifu. Umenieleza kwamba Mama Agnès alikusikiliza huku akitwanga majani ya sombe, hakuacha kutwanga mpaka ulipomaliza, ndipo akasema, "Basi sikulalaka." Pasta hakukusalimia siku mbili. Lakini Jumamosi aliomba Biblia mbele ya wazee, akasoma sura ile ya Yoshua tangu mwanzo, taratibu, akasema atawaambia watu yeye mwenyewe. Jumapili akatangaza kwa Kifaransa kwamba habari ya kukanyaga viwanja ilikuwa yake, si ya Mungu, na kwamba mtafsiri wake naye aliwadanganya. Ukatafsiri neno kwa neno, hata hilo la mwisho. Papa Faustin akasimama, akamwomba bibi yake msamaha mbele ya wote, na Jumatatu alikuwa kwa Mama Chilufya bila suti, akipanda upya lengalenga alizozivunja.

Sasa unaniuliza: Pasta anataka mkae pamoja kila Ijumaa juu ya andiko la Jumapili, lakini anabisha sana, je, ukubali? Kubali. Ijumaa mbishie mpaka achoke. Jumapili sema alichosema.

Tantine Claudine