Jina la Kwenye Kadi ya Mgao

Mwalo wa Kibirizi,
Kigoma.
9 Machi 2025

Mpendwa mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na baridi ya huko Wales haijakuingia kifuani. Kisigino kinaendeleaje? Ulisema madaktari waliunga ile kano iliyokatika uwanjani, lakini mpaka leo huwezi kuruka. Usikilazimishe. Mimi niliwahi kurudi kazini na goti lililovimba, na sasa sipandi ubao wa boti bila kushikwa mkono.

Afya yangu ni ya mtu wa miaka hamsini na nane anayebeba madumu ya mawese. Asubuhi mgongo unauma, ukishapata joto unanyamaza. Bado nimepanga Ujiji kwa Mama Shadia, na kila siku nakuja huku mwaloni kupakia boti za kwenda Kongo.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kirundi umekipoteza, na Kiingereza mimi sikukipata. Uvumilie mwandiko, shule niliishia darasa la tano.

Pole tena kwa kifo cha mama yako mdogo Skolastika. Yeye ndiye aliyekupikia, akakufulia zile sare za mchezo, akakaa kwenye mabenchi ya kumbi za watu kukungojea. Mimi nimekuwa mjomba wa simu tu.

Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu kwenye simu ya Feliksi, mwenzangu wa kubeba mizigo. Unasema kabla ya kukata roho Skolastika alikushika mkono akakuita Gloriose, akakuomba msamaha kwa ajili ya mdogo wako. Unasema pia klabu yenu inataka kuandika ukutani jina lako, Mélanie, bingwa wa mpira wa vinyoya mwenye umri mdogo kuliko wote waliopata kutokea Wales. Ukaniomba nikuambie kwamba mama mdogo aliweweseka kwa homa, ili ukasimame mbele ya ukuta huo na moyo mtulivu.

Hakuweweseka. Sikujibu kwa simu kwa kuwa jambo lenyewe ni refu, na nikilisema kwa mdomo nitalikatisha njiani.

Tulipokimbia Burundi mwaka 2000 hatukufika kambini pamoja. Mama yako, dada yangu Recho, alitangulia na mdogo wako mgongoni. Wakaandikishwa, wakapewa kadi ya mgao ya watu wawili: Recho, na Mélanie wa miaka minne. Mimi nilifika miezi mitatu baadaye nikiwa nimekushika mkono wewe. Ulikuwa na miaka sita na jina lako lilikuwa Gloriose. Uandikishaji ulikuwa umesimama. Mimi nilikuwa mtu mzima, niliweza kulima kwa watu nikapata mihogo. Wewe hukuwa na kadi, hivyo unga wa wawili mkaula watatu.

Mvua za Novemba zikaja na kuhara. Mdogo wako aliugua siku nne. Tulimzika wakati majirani wako kwenye foleni ya maji. Hatukulia kwa sauti wala hatukukaa msiba, kwa sababu mtu akijulikana kwamba amekufa, anafutwa kwenye kadi. Kila familia iliyofiwa ilinyamaza mpaka mgao upite. Sisi tulikusudia kunyamaza mpaka mgao mmoja tu.

Kabla ya mgao huo ikatangazwa siku ya kuhesabiwa waliokwisha kuandikwa kwenye kadi. Mtu hakuhesabiwa kwa maneno, ilibidi aingie ndani ya uzio na kidole chake kitiwe wino. Mimi ndiye niliyetoa wazo. Nikamwambia Recho, wakiita Mélanie, msukume mbele huyu.

Akaniuliza, "Nimwite mtoto wangu kwa jina la maiti?"

Nikamjibu, "Mwite kwa jina la chakula. Baadaye tutalirudisha."

Wewe ulikuwa mdogo wa mwili kwa njaa, hakuna aliyeshangaa. Lakini ulikuwa unaitika jina lako. Kwa hiyo siku tatu kabla ya kuhesabiwa nilikuwa nakuita Gloriose kwa ghafla, ukiitika nakuchapa. Nilitumia fimbo ya mkaratusi. Siku ya tatu nilikuita, ukanitazama, ukakaa kimya. Nikampa mama yako taarifa kwamba umejua. Hiyo ndiyo sababu hukumbuki, mpwa wangu. Hukusahau kama watoto wanavyosahau.

Kaburi la mdogo wako hatukuliwekea msalaba wenye jina, kwa maana jina lilikuwa linatembea. Mwezi uliopita nilikwenda kulitafuta. Sehemu ile imeota vichaka, nilizunguka mpaka saa tisa alasiri. Sikulipata.

Mama yako alipofariki mwaka 2006, Skolastika, aliyekuwa na kadi yake mwenyewe hapo kambini, alikuchukua kwenye kadi hiyo, kwa jina lilelile. Safari ya Wales ilipokuja, na mimi nilikuwa nimeitwa kwenye mahojiano. Sikwenda. Niliogopa wakiniuliza habari zako nitajikanyaga, na nyote wawili mtabaki. Nikaondoka kambini bila ruhusa nikaja kubeba mizigo huku. Skolastika alijua. Wewe uliambiwa mjomba hapendi baridi.

Sasa nije kwenye vikombe vyako. Mwaka 2010 ulipochukua cha wasichana wa chini ya miaka kumi na tano, Skolastika alinipigia akicheka kwa furaha, nami nikahesabu kwa vidole. Ulikuwa na kumi na sita. Miaka miwili baadaye ukachukua cha chini ya kumi na saba ukiwa na kumi na nane. Nikajiambia huu ni mchezo wa kupiga manyoya, nani ataumia? Lakini video ilikuja, na ng'ambo ya wavu niliona msichana mwembamba anakupa mkono huku analia. Yule alikuwa na haki ya kulia.

Mwaka 2015 ulikuwa bingwa wa wanawake wa Wales, na mara tatu tena baada ya hapo. Huko hawaangalii umri. Vikombe hivyo vinne ni jasho lako, hakuna wa kuvigusa. Feliksi alipoona fainali ile alisema, "Mzee Calixte, mpwa wako anafukuza unyoya, anapewa kikombe. Sisi tunafukuzana na magunia miaka yote hatujapewa hata sahani." Watu wote wa mwaloni wanakujua. Ila maneno ya ukutani, kwamba ndiye mdogo kuliko wote, si ya kweli. Kadi ilisema kumi na tisa. Ulikuwa na ishirini na moja.

Baada ya kusikia sauti yako nilikwenda kwa katekista, nikaomba misa kwa ajili ya marehemu Mélanie. Sikufikiri zaidi ya hapo. Jumapili jina likasomwa, Winfrida muuza dagaa akalisikia, na kufikia Jumatatu Mama Shadia akaja mwaloni na wanawake sita, khanga vichwani.

"Calixte, umefiwa na unabeba madumu?"

"Sijafiwa leo, mama."

"Bingwa wetu amesomwa kanisani, unatuficha?"

Wakaanza kulia. Ikanibidi nikae juu ya dumu, niwaeleze yote, mbele ya wapagazi na wenye boti. Nilipomaliza Feliksi akauliza, "Sasa kama bingwa yu hai, hawa wanamlilia nani?"

Mama Shadia akamgeukia. "Yule mdogo. Si alikufa? Au alikufa bure?"

Wakatandika mikeka uani kwake, tukakaa msiba siku tatu. Wengine hawajaniangalia machoni tangu nilipotaja fimbo, na wana haki. Lakini mtoto yule ameliliwa kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na watu wasiomjua.

Sikuamulii kuhusu ukuta. Ukinyamaza, mimi sitakutaja kwa mtu yeyote wa huko. Ukisema, vikombe viwili vitakwenda kwa wenyewe, na watakuuliza nani aliyedanganya. Usimtaje mama yako wala Skolastika. Mwambie atakayeuliza aandike Calixte Ngendakumana, anayeishi Ujiji. Wakija kunitafuta, mwaloni wote wananijua na sitakimbia tena.

Nisalimie Esther, mlezi wako wa mchezo, na mshukuru kwa kukuuguza mguu. Salamu zako nimewafikishia Mama Shadia na Feliksi. Mungu akushike mkono pale ambapo mimi niliushika vibaya.

Bado sijui nianze vipi barua yako nyingine. Huku Mélanie tumeshamzika, na lile jina la kwanza naona haya kulitamka kabla hujaniruhusu. Ukiniandikia, weka mwishoni jina unalolitaka, nami nitakuita hilo.

Wako akupendaye, hata kama hukuliona pendo,

Mjomba Calixte