Bakuli la Kijani la Marehemu Mzee

Migato, Juni 1995

Shemeji Mayunga,

Mwangaluka. Watoto ni wazima, mtama tumevuna, na pamba siku hizi wanunuzi binafsi wanaifuata hadi nyumbani.

Mmoja wao aliomba maji. Nikampa katika lile bakuli la kijani la marehemu baba yenu. Alipokwisha kunywa aliligeuza, akapapasa kitako ambako ile rangi ya kung'aa haikufika, akakazia macho nyufa ndogo ndogo za ndani.

"Hili ni la China," akamwambia mdogo wako Bujiku. "Lina miaka kama mia tano. La kuigiza lingekuwa laini huku chini. Jingine mnalo?"

Bujiku akajibu bila kuwaza, "Jingine tulimzika nalo mzee."

"Kazikwa wapi?"

Bujiku akamwonyesha zizini. Tangu hapo mtu huyo anarudi kila mara, wala haulizii pamba tena.

Nilimuuliza Bujiku wanapanga nini. Akasema, "Marehemu hanywi maji." Alisema hivyo bila kunitazama, shemeji, na unajua alivyo mpole.

Jana alihamishia ng'ombe wote Lingeka, eti kufuata majani, na hapa majani bado yapo tele. Leo ameenda kuazima sururu.

Nimeingia na kigoda changu katika zizi tupu. Barua hii naiandika nikiwa nimekaa juu ya kaburi la baba yenu, na sitanyanyuka. Ila Bujiku ananizidi nguvu, na mkubwa anayemsikiliza ni wewe peke yako. Njoo.

Mke wa mdogo wako,
Nyamizi