Kadi za Salamu Nilizokuandikia

Mpendwa Baba Akinyi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua ungeshangaa. Tangu siku uliyonileta hapa Macalder tulisemezana Dholuo, na mara nyingi ilikuwa habari ya kuni, maji na kuku waliopotea. Kiswahili ulikiweka kwa ajili ya redio. Ndicho ulichozungumza na watu uliowapenda, kwa hivyo leo nimeona nikutumie hicho hicho. Labda utanisikia.

Tulipooana hukuwa mtu wa salamu. Ulikuwa kijana wa kuchimba dhahabu, ukirudi jioni na udongo mwekundu hadi kwenye nyusi, na Jumapili ulicheza mpira na wenzako. Kisha jiwe likauangukia mkono wako wa kulia shimoni, ukakatwa vidole vitatu. Mpira ukauacha mwenyewe, kwa aibu ya ule mkono. Marafiki wa shimoni wakapunguza kuja. Ulikaa kibarazani miezi mingi na redio mapajani, na hapo ndipo ulipoanza kuwasikia wale watu wanaosalimiana mchana, mtu wa Busia akimsalimu mtu wa Voi ambaye hajawahi kumwona. Siku moja ulirudi kutoka Migori mjini na kadi kumi za salamu ulizonunua dukani kwa Abdi, ukaniambia mkono wako hauiwezi kalamu, na kwamba mimi nina mwandiko mzuri.

Nilifurahi, sitakudanganya. Nilikuwa nimekuona ukizama siku baada ya siku, na sasa ulikuwa unataka kitu. Tulikaa kwenye mkeka, wewe ukitaja majina, mimi nikiandika. Ulijipa jina la Mchimbaji Mpole. Kadi ya kwanza iliposomwa ulinishika goti kwa ule mkono mzima ukaniuliza kama nimesikia. Nilisikia. Ulicheka kama mtoto, na siku hiyo ulikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu uumie. Nilijiambia kwamba uraibu huu ndio utakaokurudisha kwangu.

Ulikurudisha kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Nimeandika majina yako kwa miaka ishirini na sita, Baba Akinyi. Nayajua kwa moyo. Robi wa Kegonga na wote walio nyumbani kwake. Okoth, fundi wa viatu wa Ndhiwa, na mkewe Millicent. Mwalimu mstaafu wa Homa Bay, mwenyekiti wa kundi lenu. Kadi zilipopungua na simu zikaja, nilikuandikia ujumbe wa simu, kwa sababu kidole gumba chako kilikuwa kinabonyeza herufi mbili kwa pamoja. Nilijua mke wa nani amejifungua na mama wa nani amelazwa. Niliwasalimu wake za watu kwa majina yao, kwa mkono wangu, na kila kadi ilipofika mwisho nilisubiri kidogo kabla ya kufunika kalamu. Wewe ulidhani nasubiri wino ukauke.

Mara moja nilijiandika mwenyewe. Nilijiweka mwisho kabisa, baada ya Okoth na Millicent, kwa herufi ndogo. Ulikuwa na desturi ya kupitia kadi kabla ya kuipeleka posta. Ulifika pale ukachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, ukanikata kwa mstari uliopinda. Nilikuuliza sababu. Hukukasirika. Ulinijibu kwa upole wako ule ule.

"Wewe uko hapa," ulisema. "Salamu ni za watu walio mbali."

Nililikubali jibu hilo. Nilijiambia lina maana, kwamba mtu hamsalimu mkewe redioni ilhali wanakula sahani moja. Nililitumia kujituliza miaka mingi, hadi nilipolazwa Homa Bay.

Unakumbuka nilipofanyiwa upasuaji wa tumbo? Nilikaa wodini wiki tatu. Wewe ulikuja mara mbili, na sikulaumu, maana nyumba ilikuwa na watoto na barabara zilikuwa matope matupu. Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo. Alasiri moja nikamsikia mtangazaji akisema ana salamu kutoka kwa Mchimbaji Mpole wa Macalder. Nilijiinua ingawa nyuzi zilikuwa zinavuta. Nikamwambia yule mwanamke, huyo ni mume wangu. Akaongeza sauti. Wagonjwa wengine wakanyamaza kunisaidia kusikiliza.

Binti yetu Akinyi ndiye aliyekuandikia siku hiyo, aliniambia baadaye. Majina kumi na mawili. Robi alikuwemo. Mwalimu alikuwemo, na yeye alikaa umbali wa dakika kumi kutoka kitanda changu. Yalisomwa yote, wimbo ukaanza, na yule mwanamke akapunguza sauti taratibu. Alijigeuza akalala akiangalia ukuta, na nilijua amefanya hivyo ili nisione uso wake. Siku hiyo nilikuwa mbali, Baba Akinyi. Nilikuwa mbali kuliko nilivyowahi kuwa.

Nilirudi nyumbani nikaendelea kuandika. Sikukuuliza tena, kwa sababu niliogopa jibu la pili.

Jibu lilikuja siku ya kukuzika. Watu wako wa salamu walifika kwa wingi, wakiwa na fulana za rangi moja zenye jina lako la redioni mgongoni. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga huku kwetu Nyatike walilia kuliko ndugu zako. Nilikuwa jikoni na wanawake wengine wakati mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha kijani, alipoinama mlangoni akauliza mke wa marehemu ni yupi. Alikuwa Robi. Nilimjua kwa sauti kabla hajajitaja, maana niliisikia sana kwenye simu yako. Aliniambia mos, yaani pole kwa Dholuo, akanishika mikono yote miwili, akanitazama kwa muda.

"Mama, leo ndiyo tumekuona," alisema. "Tulikuwa tunaambiwa hutaki jina lako litajwe."

Nikamuuliza nani aliyesema.

"Yeye mwenyewe. Tulimwuliza miaka yote. Alituambia wewe ni mtu wa kanisa, unaona salamu ni mambo ya upuuzi, ukisikia jina lako redioni utaleta vita nyumbani."

Sufuria ya ugali ilikuwa mbele yangu. Niliendelea kusonga. Sikumwambia Robi kwamba salamu zote alizowahi kupokea kutoka kwako ziliandikwa na huyo mtu wa vita. Nje mwenyekiti alikuwa akisoma risala, akikusifu kwamba hukuwahi kumsahau mtu, na mimi nilikuwa nafuta macho kwa leso, na wale wanawake wakadhani ni moshi na msiba. Nilikuzika nikiwa na hasira, Baba Akinyi. Udongo nilioutupa kaburini niliutupa kwa nguvu.

Mwezi uliopita, mwaka na kidogo tangu ututoke, kundi lilinialika kwenye mkutano wao Homa Bay. Akinyi alinisihi niende kwa heshima yako. Nilivaa vizuri. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa karibu na ziwa, watu kama arobaini. Mwenyekiti akasema kabla ya kuanza, kila mgeni ajitambulishe, ataje jina lake, anakotoka, na kile anachopenda kufanya wakati wa mapumziko. Kijana mmoja akasema anafuga njiwa. Mama mmoja akasema anashona vitambaa vya meza. Okoth, ambaye macho yake sasa hayaoni vizuri, alisema bado anacheza ajua, ule mchezo wa bao, kila jioni na anashinda kwa kupapasa tu. Watu wakacheka. Ikafika zamu yangu.

Nilisema jina langu. Nikasema Macalder. Halafu nikakwama.

Nilisimama pale nikitafuta. Nilijua kila ulichopenda wewe. Nilijua wimbo uliotaka upigwe baada ya salamu zako na upande ambao antena ilipaswa kuelekea. Kuhusu mimi sikupata kitu. Mwenyekiti akajaribu kunisaidia, akasema labda mama anapenda mambo ya kanisa. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa naandika," niliwaambia. "Zile kadi zote mlizosomewa. Na hakuwahi kuniuliza kama nataka kusalimiwa."

Mwenyekiti alikohoa, akasema marehemu tumwache apumzike, akamwita anayefuata. Robi pekee ndiye aliyekuwa ameinamisha kichwa. Njiani kurudi, tulipofika Migori, Akinyi alisema tu kwamba nimekuaibisha mbele ya watu wako. Hatujaongea vizuri tangu siku hiyo. Sijutii. Kinachoniuma ni kwamba ilibidi ufe ndipo nikaweza kusema sentensi mbili.

Sikuchukii kila siku. Hukunipiga, hukulewa, watu wanasema nilibahatika. Lakini ulikuwa na moyo mkubwa wa kutosha nchi nzima, ukaona mimi ndiye wa kunyimwa, halafu ukawaambia nimekataa mwenyewe. Hata sasa ningependa kujua ulipata nini. Labda mke mkali alikufanya uonekane mpole zaidi.

Alasiri ni ndefu huku. Nimejaribu kusuka mikeka, vidole vikachoka. Nimepanda maua mbele ya nyumba, mbuzi wakayala, na nikaona sikuumia vile mtu anavyoumia kwa kitu anachokipenda. Jirani amenikaribisha nijiunge na kikundi chao cha kuimba. Nimeenda mara moja. Walipokuwa wakiimba nilijikuta nahesabu majina yao, nani ameketi wapi, kama mtu atakayetakiwa kuyaandika. Nina miaka hamsini na tisa, na bado sijajua napenda nini.

Lala ulipo. Sitakutakia zaidi ya hapo kwa sasa.

Ni mimi, mkeo.