Upepo Niliouziba

Mupendwa Neema, mujukuu wangu,

Tuko wazima hapa Kisangani. Mama yako anakusalimia. Umeniuliza toka Niamey, kule unakojifunza kujenga kwenye joto kali, namna gani nyumba zetu za zamani zilikuwa baridi bila ventilateur ya kupepea. Bon, nitajibu, ingawa naona haya.

Nyumba ya mama yangu ilikuwa na ukuta munene wa udongo, paa ya majani, na juu ya ukuta nafasi ya kupitisha upepo. Nilipopata kazi ya ofisi, niliogopa wenzangu watanicheka. Nikatoa majani, nikapiga mabati, nikaziba ile nafasi kwa simenti. Mama akanishukuru mbele ya watu.

Tangu hapo, kila muchana alibeba mukeka wake. "Naenda kusalimia Mama Zaina," alisema. Jirani huyo alikuwa bado na paa ya majani. Mimi nilidhani mama anapenda maneno ya watu.

Siku ya matanga yake, Mama Zaina aliniambia: "Hatukuwa tunaongea. Alikuwa anakuja kulala tu, sababu kwenu moto ya mabati ilikuwa mingi. Alinikataza nikuambie."

Nakuandikia chini ya mabati yaleyale, jasho likidondoka kwenye karatasi. Ukirudi, unionyeshe pa kutoboa ukuta.

Mimi, koko yako.