Gari Ulilotuma Liliongeza Mwendo Lenyewe

Dukani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kibonge,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko. Mgongo umepona? Sisi wazima, na mama mzima, namshukuru Mungu, maana Alhamisi nusura nikuandikie habari nyingine.

Gari lilifika, ahsante. Lakini ulitutumia gari lenye akili zake na hukusema neno! Mimi niliyeanza duka na ndoo moja ya misumari situmii kitu nisichokijua, kwa hiyo nilimwuliza fundi. Akanionyesha kitufe kwenye usukani: unalipangia gari mwendo, tuseme tisini, unapumzisha mguu. Kifaa kilichopo puani mwa gari kinapima umbali wa gari la mbele. Lile likipunguza, letu linapunguza; likichapuka, letu nalo, bila kuzidi tisini. Nikapiga hesabu: kwa tisini tunakula mita 25 kila sekunde. Lenyewe linaacha sekunde mbili, yaani mita 50. Mtu akijichomeka katikati, linarudi nyuma taratibu, halitukani.

Mama alilipenda siku ya kwanza nilipompeleka kliniki. “Hili limelelewa,” akasema. “Si kama wewe, unamnusa kila mtu mgongo.” Miaka sita nampeleka mimi, sifa linapata gari la juzi!

Sasa sikia ya Alhamisi. Tulikuwa nyuma ya lori, mwendo sitini. Ghafla lori likahamia njia ya pili, kumbe mbele yake gari la mikate limesimama, linabadilishwa tairi. Nikangoja letu lifunge breki. Kibonge, liliongeza mwendo! Lori limeondoka, njia likaiona nyeupe, likakumbuka tisini yake. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tulisimama karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu mikate.

Fundi anasema ndivyo yalivyo mengi: kufuata kinachotembea yanajua, kilichosimama tuli yanaweza yasikitambue. Wewe umeliendesha miaka miwili. Ulijua, ukanyamaza?

Linaloninyima usingizi ni hili. Mama alikuwa amefumba macho. Anawaambia majirani kwamba gari la mwanawe limejisimamisha lenyewe, likamwokoa! Nikimkatalia anasema nina wivu. Na Jumanne mama anapelekwa kliniki na shemeji yako, tena ameshamwonya, “Baba, miguu yako weka kando, liache gari lifanye kazi.” Naye, unamjua, hawezi kumbishia mkwewe.

Wewe ndiye anayekusikiliza. Mpigie mama simu kabla ya Jumanne, umweleze kwa mdomo wako. Nami sijali akiendelea kulisifu, ila mguu wa dereva ubaki kwenye breki.

Shemeji yako anakusalimu, na wanao wapokee busu za shangazi yao. Wifi mwambie nguo zilimtosha mama. Mungu akutangulie kila utokako na uendako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,
mwenye miguu ile miwili.