Nani Yumo Ndani

Jumanne, 4 Machi

Dada yangu,

Salamu kwako, na shikamoo juu yake. Huku tu wazima wa kuzungukazunguka, mgonjwa ni mmoja tu, naye hataki kuitwa mgonjwa. Wewe je? Mgongo bado unakuuma kwa kuinamia vibao vya majina ya watu? Simu yako naona umeizima kabisa, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Usicheke mwandiko, vidole vyangu vimezoea unga.

Nakwenda moja kwa moja. Jicho la Baba la kulia, lile lililobaki, nalo linakwenda. Anaona mwanga na vivuli, basi. Fundi wa miwani mzima, sasa hajui kama kioo alichoshika ni cha kusomea au cha jua. Kliniki wanasema presha ndani ya jicho imepanda, lazima lipasuliwe, na daktari bingwa anakuja hospitali yetu Alhamisi ya tarehe 27, kisha anaondoka. Nikauliza, ataona? Nikaambiwa nusu kwa nusu. Asipopasuliwa, hata hiyo nusu haipo.

Kwa hiyo nakuomba uje kabla ya siku hiyo, Baba akuone wakati bado anaona chochote.

Kuna muuguzi anakuja jioni kumtia dawa. Juzi aliuona ubao wetu rafuni akasema, "Kumbe mzee anacheza na vidoli," akakinyanyua kijitu cha Mama. Baba alisikia ule mlio wa kubanduka, tak, akaruka kitini. Ikabidi nimweleze yule dada wa watu tangu mwanzo: kwamba ile ni nyumba yetu bila paa, ya matofali ya plastiki ya kuchezea, kwamba Mama alikuwa mkunga wa zamu zisizoeleweka na Baba mtu wa dukani, tukawa hatujui nani yumo na nani katoka, kwamba kila mmoja alitengenezewa kijitu chake, ukitoka unakisimamisha nje ya mlango, ukirudi unakiingiza, na kwamba hakuna anayegusa cha mwenzake. Akauliza, "Na huyu mwenye mkoba mbona yuko mlangoni?" Nikamwambia ni mama yetu, alijitoa asubuhi kwenda zamu, akaanguka kazini, hakurudi kujiingiza. Muuguzi akamrudisha taratibu kama yai. Sasa akija anaupigia hodi hata ubao.

Chako bado kiko pale ulipokiacha. Si mlangoni, ni nje kabisa ya ubao, kwenye mbao tupu ya rafu. Baba akifuta vumbi anakizunguka.

Njoo.

Mdogo wako,
Hamira

*

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu Hamira,

Marahaba. Barua yako imekuja na unga, nimeikung'uta kama mkeka. Mimi mzima, mgongo ndio uleule. Mchana ni mihuri na vibao vya majina, jioni watu wananiletea picha zao niwatengenezee vijitu vya kusimamisha juu ya keki ya harusi. Wiki hii bwana mmoja amerudisha chake, anataka nimpunguze tumbo. Nimemwambia tumbo halikutoka kwangu, lilikuwemo kwenye picha.

Habari ya jicho imenikata maini. Nilianza kuisoma nimesimama, ikabidi nitafute pa kukaa.

Lakini kuja siwezi. Wewe siku ile niliyoondoka ulikuwa kazini, mambo umeyasikia nusu. Nilikaa wiki nzima namtengeneza Mama wa ubaoni upya. Uso ulishafutika, nywele zimebaki doa, mkoba umepauka. Nikatafuta kichwa kizima katika lile gunia la midoli ya mitumba alilonunua Baba mwenyewe, nikachora macho yake, nikachora na mwanya wake wa meno kwa brashi ya nywele tatu. Nikamsimamisha ndani ya ubao, penye meza, karibu na kijitu cha Baba. Nilikuwa nacheka peke yangu kwa kungoja atakavyofurahi.

Baba mwenyewe akaingia, akapitisha kidole ubaoni kama kawaida yake. Alipofika kwenye kichwa akasimama. "Huyu nani?" Nikasema, Mama. Akasema, "Kijitu cha mama yako kilikuwa na upara utosini, aliouchonga kwa kukisugua kwa vidole vyake mwenyewe, kila akitoka na kila akirudi. Umemfuta. Na nani kakwambia amerudi?" Akamng'oa mezani, akamrudisha mlangoni, akaniambia nitoke mbele yake. Nikatoka mbele yake na nyumbani pia.

Ufundi huu kanifundisha yeye, Hamira. Kanishika mkono wangu mdogo akaniongoza brashi. Halafu anifukuze kwa ufundi huohuo, na mimi nirudi nikichekacheka? Nimeumia, na sijapona.

Ila sitaki aingie kupasuliwa akiwa na kinyongo na mimi. Fanya hivi: nisogeze. Siku akienda kliniki, niingize ndani, uniweke popote, hata jikoni. Akipapasa atajua sina neno naye, na moyo wake utatulia. Usimwambie kitu. Kijitu ni changu na ruhusa nimekupa.

Dada yako

*

Jumanne, 18 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, Baba mzima isipokuwa jicho. Nyingine utazisoma hapa chini.

Nimefanya ulivyoagiza na nimejuta. Ijumaa muuguzi alipompeleka kliniki, nilikutoa kwenye mbao nikakuweka jikoni. Miaka yote hii chako sijawahi kukigusa, hata tulipokuwa tunagombana. Baba aliporudi akapapasa ubao. Akapita kwangu, akafika jikoni, akakutana na ile sketi uliyojipaka rangi ya kucha, ile inayokwaruza. Akacheka, dada. Sijamsikia akicheka tangu uondoke.

Nikajipongeza, lakini kwa muda mfupi sana. Akasema, "Kumbe alikuja mimi nikiwa kliniki. Kajiingiza mwenyewe. Atakuwa karudi kufuata mizigo yake." Sikumsahihisha, nikaenda kubandika chai.

Tangu hapo mlango wetu haufungwi. Kiti chake amekisogeza kikatazama barabara. Chai anamimina vikombe vitatu, chako kinapoa, kisha anakinywa yeye ili kisiharibike. Gari likipunguza mwendo anainua kichwa. Na leo nilipomkumbusha kwamba Jumatano ya tarehe 26 anatakiwa alazwe, amesema haendi. "Mtu kajiingiza ndani, halafu arudi akute kufuli? Mama yenu alitoka nimelala, hatukuagana. Huyu simwachi akute nyumba tupu. Akifika tutakwenda."

Nimemwambia daktari bingwa haji tena mwaka huu. Amenijibu, "Dada yako naye si wa kila mwaka."

Nilifikiri kukutoa tena. Lakini nikikutoa ataona ulikuja mara ya pili ukaondoka bila hata salamu, na hiyo itammaliza. Nikikuacha ndani, anapofuka hapo kitini akikusubiri. Nikisema ni mimi niliyekusogeza, ubao mzima hautakuwa na maana kwake tena, na ubao ndicho kitu pekee kilichobaki anachokiona vizuri, kwa vidole. Nimebanwa huku na huku. Niambie nifanye nini, na usikawie kujibu.

Mdogo wako,
Hamira

*

Ijumaa, 21 Machi

Hamira,

Hali yenu siulizi, naijua. Yangu ndiyo hiyo unayoweza kuikisia.

Usimguse mtu yeyote kwenye ubao huo, hata mimi. Nimekutuma kufanya kitu ambacho nilijua hakifanywi, kwa sababu nilitaka nisamehewe bila kupanda basi.

Sasa kuna jambo sikukuambia. Kichwa cha zamani cha Mama sikukitupa. Siku ile kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Baba alipouliza "huyu nani", vidole vyangu vilishakishika, nilikuwa nakitoa nimwonyeshe, ndipo akaniambia nitoke. Hasira zikanipanda nikaondoka nacho. Tangu hapo kinakaa kwenye kasha la miwani, na ninalifungua mara nyingi kuliko ninavyotaka ujue. Ukikishika gizani unajua kabisa ni cha nani.

Nimekizungushia pamba nikakitia kwenye bahasha hii. Mpe mkononi. Usimweleze kwanza, acha kidole kifike chenyewe pale penye upara. Kisha mwambie kimetoka kwangu, sikumfuta Mama, na nimesema aende hospitali.

Kuja naogopa. Siogopi kufukuzwa. Naogopa anitazame na asinione.

Dada yako

*

Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Bahasha yako imefika. Kona moja imetoboka, tundu la kupitisha kidole. Pamba imo. Kichwa hakimo.

Nimerudi posta mbio. Yule mama wa dirishani nikamwambia natafuta kichwa cha mama yangu, akaita mlinzi. Nilipoeleza kwamba ni cha kijitu, kidogo kama punje ya hindi, wakanionea huruma, wakaniruhusu nyuma ya kaunta. Mlinzi naye alipiga magoti na tochi yake. Tumepata vifungo vya mashati, tumepata hereni, mama wa dirishani kapata ufunguo wake wa siku nyingi. Tumekung'uta hadi gunia lililoleta barua. Hakimo. Kitakuwa kimedondoka njiani, na njia ni ndefu.

Baba hajui lolote. Asubuhi aliniuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limempiga usoni. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikanawa uso nikamtilia dawa.

Posta sitaki kuiona tena. Hii nampa dereva wa basi la mchana, nimemwelekeza duka lako la mihuri, itakufikia leoleo. Hospitali watamsubiri Jumatano hadi saa nne asubuhi, baada ya hapo kitanda anapewa mwingine. Mimi siku hiyo naingia kwenye mikate alfajiri, nikiomba ruhusa tena nafukuzwa kazi. Nikiwahi kutoka nitambeba kwa nguvu, lakini unajua mikono yake ilivyo, akishika fremu ya mlango hatoki.

Sina kitu kingine cha kukuandikia. Njoo, dada. Asipokuona yeye, wewe umwone.

Mdogo wako,
Hamira

*

Jumatano, 26 Machi, asubuhi

Hamira,

Salamu za kutoka rafuni. Nimeiegemeza barua hii kwenye ubao kwa sababu ukitoka kazini utaangalia hapa kabla ya kuvua viatu. Nimefika na basi la kwanza. Mlango ulikuwa wazi kweli.

Alikuwa kitini. Nikasema, shikamoo Baba. Alinyoosha mikono akaushika uso wangu, akaupapasa toka paji hadi kidevu vile anavyopapasa ubao, akasema, "Umekonda. Mizigo yote umechukua?" Nilikuwa na kipochi tu. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama: kwamba Ijumaa ile sikuja, nilikutuma wewe, kwamba kichwa cha Mama nilikuwa nacho muda wote, nikakitia kwenye bahasha kama mtu asiye na akili, kimepotea na hakitapatikana.

Nilijua ataniambia nitoke, na safari hii nilishaamua kwamba sitoki. Akasema, "Nipe huyo uliyemtengeneza." Nikamwambia mimi simgusi tena, amchukue mwenyewe. Akaenda, akamtoa pale mlangoni, akamwekea kidole gumba utosini. Akaanza kumsugua taratibu, vile alivyokuwa akifanya Mama akiwa anatafuta funguo. Alisugua muda mrefu. Rangi ile nimeipiga tabaka tatu na kuifunga kwa vanishi, haikubanduka hata kidogo. Akasema, "Kazi yako ngumu. Itatuchukua miaka kumrudishia upara." Kisha akamrudisha palepale, akaniuliza viatu vyake viko wapi.

Alijitoa mwenyewe. Na mimi nikajitoa jikoni, ulikoniweka jirani mno na jiko, ningeungua. Tazama ubao: ndani hamna mtu. Wewe uliyejitoa alfajiri, Baba, mimi, na Mama katikati yetu, wote tuko nje ya mlango. Ukisoma hii usijiingize, mpitishie Mama kidole utosini uje hospitali. Baba amesema ndiyo kanuni kuanzia leo, kila anayetoka na kila anayerudi.

Anaogopa, Hamira. Hasemi, lakini amenishika mkono wa kushoto mpaka umekufa ganzi, naandika kwa wa kulia. Mimi naogopa kumzidi. Kesho wanampasua na hakuna ajuaye ataamka na nini. Ila kitu kimoja nakuomba. Tukikawia huko, hata iwe siku nyingi, na ukatuona tumesimama hapa mlangoni ukaingiwa na huruma, usituingize.

Tutarudi tujiingize wenyewe.

Dada yako